Mikahawa ya bia na michezo: Mteja hulipia nini hasa?

MFANO wa kwanza wa mchezo wa video wa Pong ulipowekwa kwa majaribio katika baa ya Andy Capp's, mjini Sunnyvale katika jimbo la California, mwaka wa 1972, haukupita muda mrefu kabla ya malalamishi kuwasili kwamba mashine imeharibika. Fundi alipoifungua hakukuta hitilafu kubwa. Kisanduku cha kupokea sarafu kilikuwa kimejaa pomoni hata kikashindwa kumeza nyingine.

Kisa hicho kiliwafunza wafanyabiashara wa vileo somo ambalo hawajalisahau hadi leo. Mteja aliyeketi na bilauri yake ya bia yu radhi kutoa pesa zaidi, na kukaa muda mrefu zaidi, iwapo atapewa kitu cha kuishughulisha mikono na macho yake.

Kutokana na somo hilo kumezuka aina ya biashara ambayo sasa imeenea Marekani na Ulaya, na ambayo dalili zake zinaonekana katika miji mikubwa ya Kenya: mkahawa unaotengeneza bia yake papo hapo, unaoandaa mlo kamili, na ambao pia una meza za puli, mashine za michezo, vishale, muziki wa jukwaani na hata jumba la sinema.

Kwa Wakenya wengi waishio ng'ambo, na kwa jamaa zao wanaowatembelea, mahali pa namna hii ndipo huandaliwa sherehe za siku ya kuzaliwa, za kufuzu chuo na za kuwakaribisha wageni. Wengi hutoka wakiwa wamefurahi. Wengine hutoka wakijiuliza pesa zao zimekwenda wapi, na kwa nini walikunywa kuliko walivyokusudia.

Maswali hayo mawili yana majibu, na majibu yenyewe hayamo katika tangazo la mlangoni.

Desturi ya kale katika vazi jipya

Kuunganisha kinywaji, chakula na burudani si uvumbuzi wa Wamarekani. Mjini Prague, katika Jamhuri ya Czech, baa ya U Fleků imekuwa ikitengeneza bia yake tangu 1499, na wanamuziki huzunguka baina ya meza wakiwatumbuiza wateja.

Hapa nyumbani, wazee wa magharibi mwa Kenya waliketi wakizunguka chungu cha busaa, kila mmoja na mrija wake mrefu, huku nyimbo na hadithi zikiendelea. Pwani, mnywaji wa mnazi katika mangwe aghalabu hukuta watu wakicheza bao ama wakipiga soga. Pombe ya peke yake, pasi na mchezo wala mazungumzo, haikuwa desturi ya jamii nyingi za Kiafrika.

Kilicho kipya ni mpango wa kibiashara unaoyakusanya yote hayo chini ya paa moja na chini ya ankara moja.

Nchini Marekani, mpango huo ulizuiliwa na sheria kwa miaka mingi. Baada ya marufuku ya vileo iliyodumu kuanzia 1920 hadi 1933, majimbo mengi yaliamua kwamba mwenye kiwanda asiwe ndiye mwenye baa. Kiwanda kilitakiwa kumuuzia msambazaji, naye msambazaji amuuzie mwenye baa. Nia ilikuwa kuvizuia viwanda vikubwa visimiliki baa na kuwashurutisha watu kunywa kupita kiasi.

Mlango ulianza kufunguka Rais Jimmy Carter alipotia sahihi, mnamo 1978, sheria iliyoruhusu watu kutengeneza bia nyumbani kwa matumizi yao wenyewe. Waliojifunza kazi hiyo majikoni mwao walitamani kuifanya biashara. Mwaka wa 1982, Bert Grant alianzisha katika mji wa Yakima, jimbo la Washington, kile kinachohesabiwa kuwa mkahawa wa kwanza wa kutengeneza bia nchini humo tangu kumalizika kwa marufuku. Jimbo jirani la Oregon lilibadilisha sheria yake 1985.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 viwanda vya bia nchini Marekani havikufikia hata 100. Sasa vimezidi 9,000, na mikahawa inayojitengenezea bia ni zaidi ya 3,000 kati ya hivyo.

Shule iliyogeuka ukumbi wa starehe

Mfano bora wa jinsi bia ilivyofungamana na burudani ni kampuni ya McMenamins ya Oregon, iliyoanzishwa na ndugu wawili, Mike na Brian McMenamin. Mkahawa wao wa Hillsdale mjini Portland ulianza kutengeneza bia 1985, mara tu sheria ya jimbo iliporuhusu.

Ndugu hao hawakuridhika na bia na vibanzi pekee. Mwaka wa 1990 walinunua Edgefield, majengo ya mjini Troutdale yaliyojengwa 1911 yakiwa makao ya maskini, wakayageuza kuwa hoteli yenye kiwanda cha bia, uwanja mdogo wa gofu na jukwaa la tamasha.

Mwaka wa 1997 wakafungua Kennedy School, shule ya msingi ya zamani mjini Portland iliyojengwa 1915. Madarasa yakawa vyumba vya kulala wageni, ukumbi wa mikutano ukawa sinema, na chumba kimoja kikawa baa iliyopewa jina la mahali wanafunzi watundu walikozuiliwa baada ya masomo. Mgeni hutazama filamu akiwa ameketi juu ya sofa kuukuu, bilauri ya bia iliyotengenezwa papo hapo i mkononi.

Wapendao mahali pa aina hii husifu jambo moja hasa: mtu hahitaji kuwa mnywaji ndipo afurahi. Mama anaweza kutazama filamu, kijana akacheza puli, babu akaketi kando ya moto, na wote wakakutana mezani wakati wa chakula.

Kampuni nyingine zilianzia upande wa pili, yaani kwenye michezo kwanza. Nolan Bushnell, yule yule mwanzilishi wa kampuni ya Atari iliyounda Pong, alifungua mjini San Jose mwaka wa 1977 mkahawa wa piza na michezo kwa ajili ya familia, uliokuja kujulikana kama Chuck E. Cheese. Mwaka wa 1982 David Corriveau na James Corley walianzisha Dave & Buster's mjini Dallas kwa ajili ya watu wazima. Mwaka wa 2004 baa ya Barcade ikafunguliwa Brooklyn, New York, ikiwa na mashine za michezo ya zamani sambamba na bia za viwanda vidogo.

Kinachoonekana nyuma ya kioo

Jambo la kwanza analoliona mteja katika mkahawa wa bia ni matangi ya chuma yanayometameta nyuma ya ukuta wa kioo. Hayakuwekwa kwa urembo pekee, ingawa urembo nao umo.

Kazi yenyewe haiwezi kumshangaza mtu aliyewahi kuona busaa ikitengenezwa. Kimea cha shayiri husagwa, kikachanganywa na maji ya moto yapata nyuzi 65 za Selsiasi kwa muda wa saa moja hivi, hadi wanga ugeuke sukari. Maji hayo matamu huchujwa, yakachemshwa pamoja na maua ya hopsi yanayotia uchungu na harufu, kisha yakapozwa na kutiwa hamira.

Hamira ndiyo inayogeuza sukari kuwa kileo na gesi. Bia za jamii ya eli huchachuka kwa joto la nyuzi kama 20 na zaweza kuwa tayari baada ya wiki mbili au tatu. Bia za jamii ya laga, ambazo ndizo zilizozoeleka Kenya, huchachuka kwenye baridi zaidi na huhitaji wiki kadhaa za kutulia. Ndiyo maana mikahawa mingi midogo hupendelea eli: tangi likikaliwa na laga kwa miezi miwili, halileti pesa.

Mwenye mkahawa hufaidika kwa kuwa hanunui chupa, halipi lori wala hagawani faida na msambazaji. Mteja naye hupata bia mbichi ambayo haijasafiri. Hata hivyo, bei ya bilauri haishuki kwa sababu hiyo. Kiwanda kidogo hununua kimea kwa kiasi kidogo na kwa bei ya juu, na kodi ya jengo katikati ya mji ni lazima ilipwe.

Ni hapo ndipo michezo inapoingia. Gharama za ukumbi mkubwa ni zile zile Jumanne mchana na Jumamosi usiku. Mashindano ya chemshabongo, usiku wa vishale na mashine za michezo huwaleta watu siku ambazo viti vingebaki vitupu.

Haja hiyo imezidi katika miaka ya karibuni. Mwaka wa 2024, viwanda vidogo vya bia vilivyofungwa Marekani viliwazidi kwa idadi vile vilivyofunguliwa. Mwaka uliofuata, kura ya maoni ya shirika la Gallup ilionyesha kwamba ni asilimia 54 tu ya watu wazima nchini humo waliosema wanakunywa vileo, kiwango cha chini kuliko vyote tangu shirika hilo lianze kuuliza swali hilo 1939. Biashara ambayo wateja wake wanapungua kiu hulazimika kuwauzia jambo jingine.

Hesabu ya bilauri

Mgeni aliyezoea bia za chupa za Kenya hukosea kwanza kwenye nguvu ya kinywaji. Bia nyingi za kawaida za hapa nchini zina kileo cha asilimia 4 hadi 5. Katika mkahawa wa bia, orodha iliyoandikwa ukutani inaweza kuanzia asilimia 4 na kufika 10 au zaidi, na bilauri zote zikafanana kwa umbo.

Hesabu yake ni rahisi. Chupa ya nusu lita yenye kileo cha asilimia 4.2 ina mililita 21 za kileo halisi. Painti ya Marekani, ambayo ni mililita 473, ikijazwa bia chungu ya asilimia 7 huwa na mililita 33. Kwa hivyo painti mbili za bia hiyo ni sawa na zaidi ya chupa tatu za ile aliyoizoea mgeni, ilhali yeye atasema, tena kwa unyofu, kwamba amekunywa "mbili tu".

Mtego wa pili ni sinia la kuonjea. Mteja huletewa vibilauri vinne vidogo, kila kimoja mililita 118 hivi, ili aonje bia mbalimbali kabla ya kuchagua. Kwa macho ni kionjo tu. Kwa hesabu, vinne hivyo ni painti nzima, na aghalabu ndani yake mna bia moja au mbili kali. Anayeagiza painti baada ya kuonja tayari yuko kwenye ya pili.

Mkahawa mwadilifu huandika asilimia ya kileo kando ya jina la kila bia na hutumia bilauri ndogo kwa bia kali. Mteja akikosa kuona tarakimu hizo, ana haki ya kuuliza, na mhudumu anayeijua kazi yake hatachukizwa.

Hesabu ya kadi

Upande wa michezo, sarafu zilikwisha toweka. Mteja hununua kadi ya plastiki iliyotiwa pointi, akaigusisha kwenye mashine kila anapotaka kucheza. Urahisi huo una gharama yake, kwani mashine haionyeshi dola wala shilingi, bali pointi.

Tuchukulie mfano wa kadi ya dola 20 yenye pointi 100, na mchezo unaokula pointi 12. Mteja atacheza mara nane na kubaki na pointi nne zisizotosha lolote. Kila mchezo umemgharimu dola 2.50 ukigawa pesa alizotoa kwa michezo aliyoipata. Kama kila mchezo huchukua dakika mbili, dola 20 zimekwisha kwa dakika 16. Mzazi aliye na watoto watatu hujikuta mbele ya mashine ya kuongezea pointi kabla chakula hakijafika mezani.

Kadhalika kuna tiketi za zawadi. Mtoto akishinda huongezewa tiketi, na mwishoni hubadilishiwa peremende, mwanasesere au kalamu. Zawadi ndogo huhitaji tiketi chache na zile za fahari huhitaji maelfu. Mzazi aliyetoa dola 60 na kurejea nyumbani na mwanasesere wa dola tano hajaibiwa, maadamu alichonunua ni muda wa kucheza. Lakini akidhani alikuwa akinunua mwanasesere, atakasirika.

Njia ya kujikinga inajulikana: kuweka kikomo kabla ya kuingia, kumpa kila mtoto kadi yake iwe ndiyo ya mwisho, na kuuliza kama kuna siku au saa ambapo mtu hulipa ada moja na kucheza apendavyo. Kumbi nyingi huwa na siku kama hiyo katikati ya wiki.

Vilevile zipo burudani zisizotozwa chochote. Mikahawa mingi midogo huweka michezo ya ubao, karata, na mifuko ya kurushwa kwenye shimo la ubao, pasi na malipo. Wanaosifu mikahawa hiyo husema burudani hiyo ya bure ndiyo huwafanya wazungumze, wakati ambapo mashine zenye mataa na kelele huwatawanya.

Kelele, foleni na bakshishi

Malalamishi ya wateja kuhusu kumbi za aina hii hufanana popote zilipo. Kubwa zaidi ni kusubiri. Jiko moja linalohudumia ukumbi wa watu mamia, wote wakiagiza wakati mchezo wa soka au sinema inapokwisha, haliwezi kutoa sahani zote kwa pamoja.

La pili ni mashine mbovu. Mteja aliyekwisha nunua pointi akikuta karatasi ya "haifanyi kazi" juu ya mchezo alioujia, huona amedhulumiwa. Ukumbi unaojali hurudisha pointi pasi na mabishano, na kwa kawaida kazi hiyo ni ya msimamizi wa zamu, si ya mhudumu wa meza.

La tatu ni kelele. Sakafu ya saruji, dari refu na matangi ya chuma hurudisha sauti. Wanaotaka kuzungumza hufaidika wakifika mapema jioni, ama wakiomba meza iliyo mbali na jukwaa.

Kwa mgeni kutoka Afrika Mashariki, la nne ni ankara. Bei iliyoandikwa Marekani kwa kawaida haijumuishi kodi ya mauzo, na mteja aliyehudumiwa mezani hutarajiwa kuongeza bakshishi ya asilimia 15 hadi 20. Sababu yake ni ya kisheria: kima cha chini cha mshahara ambacho serikali ya kitaifa humtaka mwajiri amlipe mhudumu apokeaye bakshishi kimebaki dola 2.13 kwa saa tangu 1991, japo majimbo kadhaa yameweka kiwango cha juu zaidi. Asiyetoa bakshishi hamwadhibu mwenye mkahawa bali mhudumu.

Watoto mahali pa pombe

Suala zito kuliko yote ni watoto. Mkahawa wenye mashine za michezo huwaita watoto, na mkahawa wenye matangi ya bia huwaita wazazi wao. Je, wawili hawa wakutane?

Kila nchi imejibu kwa namna yake. Marekani, umri wa kununua kileo ni miaka 21, kutokana na sheria ya 1984 iliyoyatishia majimbo yaliyokaidi kwa kuyapunguzia fedha za barabara. Hata hivyo, majimbo mengi humruhusu mtoto kuketi mkahawani na mzazi wake, ingawa si kwenye kaunta ya baa. Kumbi kadhaa huwataka watoto waondoke jioni ikiingia.

Uingereza na Wales huruhusu kijana wa miaka 16 au 17 kunywa bia, divai au saida pamoja na mlo wa mezani, mradi awe na mtu mzima na mtu mzima huyo ndiye aliyenunua.

Kenya ilichukua msimamo mkali zaidi. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010, inayojulikana na wengi kama Sheria ya Mututho kwa jina la mbunge wa wakati huo wa Naivasha, John Mututho, inamkataza mwenye leseni kumruhusu aliye chini ya miaka 18 kuingia sehemu ambamo kileo kinatengenezwa, kinahifadhiwa au kinanyweka. Mkahawa unaopika bia nyuma ya kioo, kando ya meza za familia, unayakusanya mambo hayo matatu katika chumba kimoja.

Kwa hivyo anayetaka kuiga mfano wa Portland jijini Nairobi, Mombasa au Kisumu hana budi kutenga ukumbi: upande wa familia wenye michezo, na upande wa kileo wenye mlango wake na mlinzi wake. Kupaka mstari sakafuni hakutoshi.

Sheria hiyo pia inazuia kumvutia mteja kwa zawadi, au kwa haki ya kushiriki mchezo, bahati nasibu au shindano, kwa sababu tu amenunua kileo. Tangazo la "nunua bia mbili ucheze bure" linaweza kuwa la kawaida ng'ambo. Hapa ni njia ya kujitafutia kesi.

Mpaka kati ya mchezo na kamari

Mchezo wa ustadi hauko mbali na kamari. Mtu akilipa, akacheza, na kupata zawadi kulingana na uwezo wake, huo ni mchezo. Akilipa, bahati ikaamua, na malipo yakawa pesa, hiyo ni kamari.

Mwaka wa 2024, Dave & Buster's ilipotangaza kwamba wateja wake wazima wangeweza kushindana kwa pesa kupitia programu ya simu, baadhi ya wabunge wa jimbo la Illinois waliwasilisha mswada wa kuzuia jambo hilo. Hoja yao ilikuwa kwamba mtoto aliyezoea kukusanya tiketi leo atafundishwa kuweka dau kesho, mahali pale pale.

Wakenya hawahitaji kwenda Illinois kuielewa hoja hiyo. Mashine za kamari za sarafu zilienea hadi vijijini, zikawekwa vioskini na katika baa, na watoto wakaingiza nauli na pesa za vitabu. Mwanzoni mwa 2018 serikali ilizinasa na kuziteketeza nyingi.

Njia ya kurudi nyumbani

Gharama ya mwisho ya mkahawa wa bia haimo katika ankara. Michezo humfanya mteja akae saa nne badala ya moja, na saa nne hizo huleta rauni zaidi. Mwili wa mtu mzima huhitaji takriban saa moja kuondoa kileo kilichomo katika bia moja ya kawaida. Kahawa, maji baridi au sahani ya nyama choma haviharakishi kazi hiyo, ingawa chakula kinacholiwa kabla ya kunywa hupunguza kasi ya kulewa.

Marekani, kikomo cha dereva katika karibu majimbo yote ni asilimia 0.08 ya kileo kwenye damu. Jimbo la Utah lilikishusha hadi 0.05 mwishoni mwa 2018. Majimbo mengi pia humruhusu aliyejeruhiwa na dereva mlevi kumshtaki mwenye baa aliyeendelea kumuuzia mtu ambaye ni dhahiri alikuwa amelewa. Ndiyo sababu mhudumu huko hukataa kuongeza rauni hata mteja akifoka. Anayekataliwa akumbuke kwamba mhudumu analinda kazi yake na maisha ya watu wawili au watatu asiowajua.

Kenya nayo, kwa sheria ile ya 2010, inamkataza mwenye leseni kumuuzia kileo mtu aliyekwisha lewa. Kifungu hicho husomwa mara chache na kutekelezwa mara chache zaidi, huku macho yote yakielekezwa kwa polisi wenye kipimo cha pumzi barabarani. Ukumbi unaotaka kuaminiwa na familia ungeanzia hapo: mhudumu aliyefunzwa kukataa, msimamizi wa kumuunga mkono, na teksi inayopatikana mlangoni.

Mjadala uliofunguliwa upya

Biashara ya bia ya viwandani nchini Kenya ilianza na Kenya Breweries mwaka wa 1922, na kwa miongo mingi mteja hakuwa na la kuchagua ila chupa baridi au moto. Mikahawa michache iliyojitengenezea bia, mathalani Brew Bistro ya Barabara ya Ngong jijini Nairobi, iliwaonyesha wateja kwamba bia inaweza kuwa na rangi na ladha tofauti, na kwamba mtu anaweza kuinywa polepole akila.

Lakini Julai 2025 serikali ilizindua sera mpya ya kitaifa ya kudhibiti vileo iliyopendekeza umri wa kununua na kunywa upandishwe kutoka miaka 18 hadi 21. Sera hiyo ilipendekeza pia kileo kisiuzwe katika maeneo kadhaa, yakiwemo maduka makubwa, bustani za burudani na mikahawa. Wenye hoteli na baa walilalamika, na mamlaka ya NACADA ikafafanua kwamba sera si sheria hadi Bunge litakapotunga sheria ya kuitekeleza.

Wanaoiunga mkono wanasema mtoto anayekua akiona bia kando ya vibanzi vyake huiona kuwa kitu cha kawaida. Wanaoipinga wanasema anayekunywa mezani, mbele ya mke, mume na majirani, akiwa na sahani na mazungumzo, hunywa kwa staha kuliko anayejificha kichochoroni, na kwamba marufuku humpeleka mnywaji kwa muuzaji asiye na leseni, wala kipimo, wala saa ya kufunga.

Pande zote mbili zina ukweli, na mkahawa wa bia na michezo ndio unaoziweka kwenye mizani. Ukisimamiwa vyema ni mahali ambapo kileo ni sehemu ndogo ya jioni ndefu. Ukisimamiwa vibaya, michezo huwa chambo, na bia huwa ndoana.

Mteja hawezi kuisubiri sheria imwamulie yote. Anaweza kuuliza asilimia ya kileo kabla ya kuagiza. Anaweza kuhesabu bei ya mchezo kwa shilingi badala ya pointi, kutazama kama watoto wametengewa mahali pao, na kujua kabla ya rauni ya kwanza ni nani atakayeendesha gari. Ukumbi unaoyajibu maswali hayo bila kusitasita unastahili pesa zake. Unaokereka kuulizwa, mlango alioingilia bado u wazi.